Kazi kwenye shirika changa Mtwara: yanayosemwa na yaliyopo

Nina miaka sita kwenye mashirika machanga yasiyo ya kiserikali ya huku Kusini, yale ya chumba kimoja, meza mbili na pikipiki ya kuazima. Yanayosemwa kuhusu kazi hii ni mengi, na mengine yanawaumiza wanaoifanya.

Dhana: Shirika ni hela za wafadhili, mnakula tu.

Hii naisikia kuliko zote, kuanzia stendi hadi harusini kwetu. Ukweli ni kwamba fedha ya mradi huja na mchanganuo wake. Iliyoandikwa mafunzo ni ya mafunzo. Tairi likipasuka njia ya Nanyamba huwezi kuchomoa humo, hata kama bila pikipiki mafunzo yenyewe hayafiki. Mradi ukiisha Juni na unaofuata ukachelewa hadi Oktoba, kodi ya ofisi inadaiwa na mishahara hakuna. Mwaka mmoja tulifunga hesabu za mradi tukiwa na miezi mitatu bila mshahara, maana ripoti isipotoka, hata mradi wa mbele haupo.

Dhana: Ukishapata cheti cha usajili umemaliza, na kodi hulipi.

Cheti hutolewa na Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali chini ya sheria ya 2002, na tangu marekebisho ya 2019 kinadumu miaka 10. Kila mwaka unadaiwa taarifa ya kazi na ya fedha. Msamaha wa kodi ya mapato ni ombi jingine kabisa, linapelekwa TRA, mamlaka ya mapato, na hata ukiupata, PAYE, yaani kodi ya mishahara ya watumishi, inakatwa kama kawaida.

Dhana: Watu wa vijijini hawaji bila posho.

Novemba moja tuliitisha kikao cha kikundi cha akina mama, kijiji kimoja cha Tandahimba, saa tatu asubuhi. Hadi saa tano walikuwepo wazee watatu na mtoto aliyetumwa kuangalia kama tumefika. Mwenzangu akasema wanasusia kwa kuwa hakuna posho. Tukamfuata mwenyekiti wao shambani. Tulimkuta chini ya mkorosho, lundo la mabibo, matunda ya mkorosho, kando yake. Anashika bibo kwa mkono wa kushoto, anaizungusha korosho kwa wa kulia mpaka inang'oka, anaitupa kwenye ndoo. Akatuambia bila kuinua kichwa, "Wanangu, zikilala hapa na mvua ikanyesha, daraja la kwanza ndiyo limeondoka."

Tukaweka mabegi chini, tukaokota naye. Kikao kikafanyika hapohapo, wenzake wakija mmoja mmoja na ndoo zao, na hakuna aliyetaja posho. Tangu siku hiyo kalenda yangu inapangwa na korosho: miezi ya kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, kisha Oktoba hadi Desemba ya kuvuna na kupeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Likizo za shule nazo kuna jando na unyago. Ila nisieleweke vibaya: mtu tukimtoa kijijini kwake kutwa nzima, nauli na chakula ni stahiki yake, tuviweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Dhana: Shirika changa ni kujitolea, mkataba wa nini?

Hapa ndipo vijana wetu wanapoumia zaidi. Shirika langu la kwanza lilinikata mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mwaka mzima. Nilipokwenda kuuliza dirishani, nikakuta umefika wa mwezi mmoja tu. Kiongozi wetu akaniambia sote tunajenga, tuvumiliane. Nilikubali, kwa sababu kazi nilikuwa naipenda, na naipenda mpaka leo.

Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimwachi mwajiri kwa kuwa ni mchanga: mtumishi anastahili maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mtumishi habebeshwi zaidi ya nusu yake. Kujitolea kupo, tena kwa moyo safi, ila nako kuandikwe: siku ngapi kwa wiki, nauli analipa nani, mwisho lini.

Kijana anayeanza kazi ofisini kwetu sasa namwambia aende na mkataba nyumbani, alale nao, ausome na wazazi wake kama anataka, ndipo asaini. Baada ya miezi mitatu namtuma mwenyewe NSSF akaangalie michango yake.