Magugu kwenye malisho na shamba la hei: kabla hujashika pampu, angalia nyasi zako kwanza

Kazi yangu ni malisho na hei (nyasi zinazokatwa na kukaushwa ziwe chakula cha mifugo), kwa hiyo picha za magugu natumiwa karibu kila siku na swali ni lile lile, hili linakufa kwa dawa gani? Haraka yenu naielewa, ila mimi kabla sijajibu huwa naomba picha ya pili, nipigie udongo ulioko katikati ya nyasi. Nikiona udongo uko wazi basi ugonjwa tumeshaupata, gugu ni dalili tu. Mbegu nyingi za magugu ni ndogo sana na zinataka mwanga ndo ziote, nyasi zikifunga vizuri zinaukosa huo mwanga, na ukiua gugu ukaacha pale peupe litakuja jingine, saa ingine baya kuliko lile la kwanza.

Alafu mbegu zenyewe zina uvumilivu wa ajabu. Mwaka 1879 huko Michigan, Marekani, bwana mmoja William Beal alifukia chupa zenye mchanga na mbegu za magugu ili zifukuliwe moja moja baada ya miaka mingi, na ile iliyofukuliwa 2021 bado ilikuwa na mbegu zilizoota. Miaka 142! Kwa hiyo mtu akikuambia kuna dawa ya kumaliza magugu moja kwa moja shambani usimsikilize, akiba iko chini tayari, wewe kazi yako ni kuinyima nafasi.

Nyasi zinapotea kwa njia mbili kubwa. Kwenye malisho ni kulisha mpaka chini kabisa. Zikibaki sentimita 8 hadi 10 toa mifugo, zipumzike, kwa sababu jani lililobaki ndo linaloilisha mizizi. Kwenye shamba la hei ni njaa ya udongo, na hii watu wengi hawaioni. Mifugo ikilisha shambani inarudisha mbolea hapo hapo kwa kinyesi na mkojo, lakini hei unaifunga marobota unaipeleka mbali, na tani moja ya hei kavu ya nyasi inaondoka na kirutubisho cha potasiamu kama kilo 20 hivi, bado hujahesabu naitrojeni. Ukikata miaka mitatu minne bila kurudisha kitu nyasi zinadhoofika, magugu yasiyojali udongo mchovu yanachukua shamba. Pima udongo, weka kinachokosekana, chokaa kama kuna asidi nyingi. Nimeona mashamba yakijirudi kwa hilo pamoja na kupumzisha tu.

Dawa ina nafasi yake, sikatai, ila muda ndo kila kitu. Gugu la msimu mmoja lipige likiwa dogo. Yale ya miaka miwili, kama mengi ya miba, mwaka wa kwanza yanatandaza majani chini kama sahani na hapo ndo yanakufa kirahisi, yakishanyanyua shina umechelewa. Ya kudumu subiri yatoe vitumba vya maua, au msimu ukielekea mwisho yanapoteremsha chakula kwenye mizizi, dawa inashuka nacho. Na kumbuka dawa zinazoua mimea ya majani mapana kama 2,4-D hazibagui gugu na mkunde, mikunde uliyochanganya na nyasi nayo inaondoka. Kufyeka pia kunasaidia lakini fyeka kabla ya maua kufunguka, maana mengine ya miba ukiyakata yakiwa yamechanua yanaendelea kukomaza mbegu hapo hapo chini yalipolala.

Sasa hili naomba mlisome taratibu. Kwenye malisho mnyama anachagua, gugu chungu analiruka. Kwenye hei hana uchaguzi. Magugu ya jamii ya Senecio, yale yenye maua ya njano, yakikauka uchungu unapungua lakini sumu inabaki vile vile, na inaharibu ini kidogo kidogo, ukija kuona mnyama amedhoofika ini limeshaharibika na hakuna cha kulirudisha. Farasi na ng'ombe ndo wanaoumia zaidi. Niliitwa kwa mfugaji mmoja aliyekuwa na mwezi mzima anahangaika kutibu minyoo, nikafungua robota nikakuta mashina ya Senecio mle ndani. Iliniuma sana. Kwa hiyo kabla ya kukata hei tembea shamba zima kwa miguu, vaa glavu, ng'oa na mizizi, toa nje kabisa. Na ukipiga dawa kwenye magugu ya sumu zuia mifugo mpaka yaoze, yakinyauka yanaweza kuwa matamu kuliko yalivyokuwa.

Jambo jingine ni dawa za magugu zenye kiambato cha aminopiralidi au klopiralidi. Hazidhuru nyasi, ila zinakaa kwenye hei, zinapita tumboni mwa ng'ombe, zinatoka kwenye samadi zikiwa bado na nguvu, ukiweka hiyo samadi kwenye nyanya au maharage majani yanajikunja yanakuwa kama vidole. Lebo inaeleza, isome yote, na ukiuza hei mwambie mnunuzi ulipiga nini. Kama samadi huijui asili yake changanya na udongo kwenye vikopo vichache, vingine weka udongo mtupu, panda maharage kote na usubiri wiki tatu, yakijikunja yale ya kwenye samadi tu, samadi hiyo isiguse bustani, irudishe kwenye nyasi.