Kumsafirisha Mbwa au Paka Ng'ambo kutoka Kisumu: Kalenda Huanza Kabla ya Tiketi

Tangu Kenya na Uingereza zilipotia saini makubaliano ya kuwaajiri wahudumu wa afya mwaka 2021, kliniki yetu ya mifugo hapa Kisumu imezidi kupokea watu wanaohama na wanyama wao: muuguzi aliyepata kazi katika hospitali ya Uingereza, mtafiti ambaye mkataba wake umekwisha na anarudi kwao Ulaya, familia inayomfuata baba Marekani. Karibu wote huanza na swali la ndege. Wanataka kujua ni shirika gani linalokubali mbwa, nauli yake ni kiasi gani, na paka atakaa sehemu gani ya ndege. Ni maswali ya haki, lakini hayastahili kutangulia. Safari ya mnyama anayetoka Kenya kwenda Uingereza au Ulaya huamuliwa mezani kwa daktari wa mifugo, miezi minne au zaidi kabla ya siku ya kupanda ndege, na mtu anayefika kwangu akiwa na tiketi ya mwezi ujao mara nyingi ninalazimika kumweleza kwamba ataondoka peke yake.

Sababu ya muda huo wote ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu bado uko kwetu. Ndiyo maana Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana nao kufikia mwaka 2030, na ndiyo maana kila Septemba, karibu na siku ya 28 ambayo ni siku ya ugonjwa huu duniani, utaona foleni za watoto wakiwa wameshika mbwa kwa kamba kwenye vituo vya chanjo mashinani. Nchi ambazo zimeufuta ugonjwa huu miongoni mwa mbwa wao hazitaki urudi kwa njia ya mgeni aliyebebwa kwa ndege. Ukilielewa hilo, masharti yao yote yataacha kuonekana kama usumbufu, nawe utaanza kuona kila sharti linaziba tundu gani.

Kitu cha kwanza ni chipu, kile kifaa kidogo kama punje ya mchele kinachodungwa chini ya ngozi kati ya mabega. Inapaswa kuwa ya kiwango cha kimataifa cha ISO, yenye nambari ya tarakimu 15, ili mashine ya kusomea iliyoko uwanja wa ndege wa ng'ambo iweze kuitambua. Chipu haina dawa yoyote na haionyeshi mnyama yuko wapi. Kazi yake ni kumfunga mnyama huyu na karatasi hizi, asije akabadilishwa na mwingine. Kwa hiyo chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima itolewe siku ileile ya chipu, baada ya nambari yake kusomwa, au baadaye. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi hata kama ilitolewa wiki moja tu kabla, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu aliye mbele ya afisa.

Hapa ndipo watu wengi wa upande wetu wa magharibi wanapokwama. Mbwa wao amechanjwa kila mwaka kwenye kampeni ya serikali, kadi wanazo, na chanjo yenyewe ilikuwa nzuri na imemkinga yeye na majirani kweli. Lakini kadi ile haina nambari ya chipu, na mara nyingi haionyeshi nambari ya toleo la dawa wala tarehe ya mwisho ya kinga. Mbwa huyo huanza upya: chipu, kisha chanjo, kama vile hajawahi kuchomwa sindano maishani mwake. Kumchanja tena hakumdhuru, na mwenye mbwa asijutie kampeni zile.

Hatua inayofuata ni damu. Kwa wanaokwenda Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya, damu hutolewa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, ikapimwe kiwango cha kingamwili za kichaa cha mbwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Kiwango kinachokubalika ni uniti 0.5 za kimataifa kwa kila mililita, au zaidi. Ningemshauri kila mwenye mnyama aulize kwa makini jinsi sampuli hiyo itakavyoshughulikiwa, kwa kuwa damu yenyewe haisafirishwi. Ni lazima itenganishwe, seramu ile ya juu iliyo wazi ichukuliwe peke yake, iwekwe kwenye baridi na ifungwe isivuje. Damu ikikaa kwenye joto la mchana wa Kisumu kabla ya kutenganishwa, chembe nyekundu hupasuka, seramu hugeuka nyekundu, na maabara inaweza kuikataa. Mnyama asipofikia kiwango, huchanjwa tena, na siku 30 nyingine huanza kuhesabiwa.

Majibu yakiwa mazuri, bado kuna miezi 3 ya kungoja, inayohesabiwa tangu siku damu ilipotolewa. Wengi huniuliza kwa nini wangoje ilhali kingamwili zimeonekana. Jibu ni kwamba kipimo hicho kinaonyesha kuwa chanjo imefanya kazi, lakini hakiwezi kuonyesha kama mnyama aling'atwa na mbwa mwenye kichaa kabla chanjo haijamkinga. Virusi hivyo hutambaa polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na mbwa anaweza kuonekana mzima kabisa kwa wiki nyingi. Miezi hiyo mitatu hutoa nafasi kwa ugonjwa uliojificha kujitokeza hapa nyumbani. Jumlisha sasa: mtoto wa mbwa hachanjwi kwa ajili ya safari hii kabla ya wiki 12, kisha kuna siku 30, kisha miezi 3, hivyo hawezi kuingia Ulaya kabla hajafikisha kama miezi 7. Anayepanga kununua mtoto wa mbwa akijua atahama ndani ya nusu mwaka, namsihi asubiri akamchukue huko aendako.

Marekani ina utaratibu wake kwa mbwa, ambao ulibadilika tarehe 1 Agosti 2024. Kenya imo katika orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo mbwa aliyechanjwa hapa ni lazima awe na umri wa miezi 6 au zaidi, awe na chipu, awe na fomu maalumu ya chanjo iliyotiwa saini na daktari wa serikali, na aingie kupitia mojawapo ya viwanja vichache vyenye kituo cha wanyama kilichosajiliwa, ambako nafasi huwekwa mapema. Akiwa na kipimo cha damu kinachokubalika, kilichotolewa siku 28 au zaidi kabla ya kuingia, hukaguliwa na kuruhusiwa. Bila kipimo hicho hukaa karantini kwa siku 28, na gharama ni za mwenyewe. Paka hawabanwi na kanuni hizo, ingawa jimbo analokwenda linaweza kuwa na masharti yake.

Kuna jambo moja la Uingereza na Ulaya linaloziumiza familia za wauguzi zaidi ya yote. Visa ikitoka, mwajiri hungoja wiki chache tu, na mbwa bado yuko katikati ya miezi yake mitatu. Mtu huamua atangulie, mbwa abaki na mama nyumbani, aje kutumwa baadaye. Lakini kanuni za mnyama wa nyumbani zinamtaka mnyama asafiri ndani ya siku 5 kabla au baada ya mwenyewe. Muda huo ukipita, safari huhesabiwa kuwa ya kibiashara hata kama hakuna aliyeuza wala kununua, na huhitaji cheti cha aina nyingine na masharti ya ziada. Njia ninayoipendekeza ni mwenyewe kurudi kwenye likizo yake ya kwanza, akasafiri na mnyama wake au ndani ya siku hizo tano.

Wiki ya mwisho ina kazi za haraka. Mbwa anayekwenda Uingereza, Ireland, Malta, Ufini au Norwe hupewa na daktari dawa ya tegu yenye prazikwanteli, si mapema kuliko saa 120 wala si chini ya saa 24 kabla ya kufika, na saa yenyewe huandikwa kwenye cheti. Cheti cha afya hukamilishwa na Kurugenzi ya Huduma za Mifugo iliyoko Kabete, nacho kwa safari ya Ulaya hudumu siku 10 tu. Kutoka huku kwetu hiyo ni safari ya Nairobi, kwa hiyo ipange pamoja na safari ya uwanja wa ndege.

Sasa naja kwenye kreti, ambayo naiona ndiyo nyumba ya mnyama kwa siku nzima na hata zaidi. Mashirika ya ndege hufuata kanuni za IATA, chama chao cha kimataifa, na vipimo vyake si vya kukadiria kwa macho. Pima kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia, kisha kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Urefu wa kreti ni kipimo cha kwanza pamoja na nusu ya kile cha pili. Mbwa wa kienyeji mwenye sentimita 80 mwilini na sentimita 30 hadi kiwiko anahitaji kreti ya sentimita 95. Upana ni mara mbili ya upana wa mabega, na kimo kimtoshe kusimama bila ncha za masikio kugusa paa, baada ya matandiko kuwekwa. Mafundi wetu wanaweza kuitengeneza vizuri kwa mbao, mradi mlango uwe wa chuma, hewa ipite pande zote nne, na vyombo vya maji vijazwe kutoka nje bila kufungua. Iwe tayari mapema, iwekwe sebuleni mlango ukiwa wazi, na mnyama alishwe humo kila siku. Mbwa aliyelala ndani ya kreti yake kwa wiki nane huingia mwenyewe siku ya safari.

Usimpe dawa ya kumlewesha, hata kwa nia njema. Dawa hizo hushusha shinikizo la damu na kupunguza uwezo wa mwili kudhibiti joto, na kule kwenye sehemu ya mizigo, ingawa kuna hewa na joto hudhibitiwa, hakuna daktari wa kumwona akizidiwa. Mashirika mengi humkataa mnyama aliyeleweshwa. Nina wasiwasi mkubwa zaidi na wale wa pua fupi, kama pagi, buldogi na paka wa Kiajemi. Mbwa hupunguza joto kwa kuhema, na mnyama ambaye njia yake ya hewa ni nyembamba hana akiba ya kutosha akishikwa na hofu na joto kwa pamoja. Baadhi ya mashirika hayawabebi kabisa, na yanayowabeba hutaka kreti kubwa zaidi. Nimewashauri watu kadhaa wasiwapeleke, na ningewashauri tena hivyo.

Kasuku wa kijivu ni suala jingine kabisa: tangu 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya ulinzi wa juu kabisa wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na bila vibali vya wanyamapori hata usijaribu.

Kwa yule ambaye mnyama wake amebaki na jamaa kijijini, kadi ya chanjo ibaki na mtu mmoja anayejulikana, na tarehe ya chanjo inayofuata iandikwe kwenye simu ya mwenyewe aliyeko ng'ambo. Kwa safari za Ulaya, kipimo cha damu kilichofaulu hakirudiwi maadamu chanjo inaendelezwa bila kuruka tarehe. Ikipita kwa siku moja tu, chanjo hurudiwa, damu hutolewa upya, na miezi mitatu huanza tena.