Makonte wa Champagne: hela ilitoka magulioni, sio kwenye mvinyo

Ukitaja Champagne watu wanawaza ile chupa ya kufunguliwa harusini, ila mvinyo wa mapovu ulikuja karne kibao baadae, makonte wenyewe, yani watawala wa kaunti ya Champagne huko Ufaransa, washazikwa zamani. Sisi wa elimu kwa umma tunaulizwa sana, sasa hela walitoa wapi? Kwenye magulio. (Na kaunti hapa sio ya gavana wa kuchaguliwa, ni mali ya ukoo, baba akifa anarithi mtoto.)

Henri wa 1, aliyeitwa Mkarimu, alitawala kuanzia 1152 mpaka 1181, makao yake Troyes. Kwa mwaka kulikuwa na magulio 6 makubwa, Troyes na Provins mara 2 kila mji, Lagny na Bar-sur-Aube mara 1 kila mji, yani gulio likifungwa huku linafunguliwa kule, Waitalia wanaleta viungo na hariri, watu wa Flanders wanaleta vitambaa vya sufu. Konte yeye kazi yake ulinzi, mfanyabiashara akiporwa njiani anafuatilia, na waporaji wakikingiwa kifua kwao basi watu wa kwao wanafungiwa magulio. Kwa hiyo watu walikuja, na ushuru ukaingia.

Lakini mimi ninayemkubali zaidi ni Blanche wa Navarre. Mumewe, konte Thibaut wa 3, alifariki 1201 akijiandaa kwenda Vita vya Msalaba, kamuacha mjamzito. Akajifungua Thibaut wa 4, akaongoza kaunti miaka 21. Shida ikaja pale Erard wa Brienne alipomuoa Philippa, binti wa Henri wa 2, kaka mkubwa wa marehemu, yule aliyekufa 1197 kwa kuanguka dirishani kule Acre, Erard akasema urithi ni wa mke wake. Vita ikapigwa, kesi zikafika mpaka kwa mfalme na kwa Papa, Blanche hakuachia mpaka Erard na mkewe wakakubali kulipwa wakae pembeni, ndo 1222 akamkabidhi mwanae.

Huyo Thibaut alikuwa mtunzi hasa wa nyimbo za mapenzi, na 1234 akamrithi mjomba wake ufalme wa Navarre. Mjukuu wake Jeanne akarithi vyote akiwa bado mtoto mchanga, 1284 akaolewa na Philippe, mwaka uliofuata Philippe akawa mfalme wa Ufaransa. Jeanne akafa 1305, mtoto wao Louis akachukua Champagne, naye 1314 akawa mfalme, kaunti ikawa imeangukia mikononi mwa mfalme wa Ufaransa.