Je, wajua kwa nini chatu jike huweza kumaliza misimu miwili bila kutaga yai hata moja?

Swali hili nililijibu vibaya kwa muda mrefu. Katika kituo kimoja cha wanyama watambaao karibu na Entebbe, nilikokuwa nikisaidia kulisha na kusafisha vizimba, alikuwapo jike wa Python regius, yule chatu mdogo ambaye hapa Uganda hupatikana kaskazini-magharibi na ambaye akiogopa hujiviringa kama mpira na kukificha kichwa katikati. Kituo kilikuwa na kibali, kwa kuwa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 mtu hafugi mnyama wa porini bila idhini ya Mamlaka ya Wanyamapori. Jike huyo alitaga mayai 6, yote yakaanguliwa, kisha kwa misimu miwili hakutaga tena, ingawa tulimwona kwa macho yetu akipandwa. Nilikuwa wa kwanza kumlaumu dume. Akaletwa dume mwingine, halafu wa tatu, na jike akabaki vilevile, mpaka baadhi yetu wakaanza kusema kwamba amekuwa tasa.

Dume alionewa bure. Mbegu zake zikikosa nguvu, jambo ambalo mfugaji hulitarajia ni mayai viza, yaani vijiyai vidogo vya rangi ya manjano ambavyo jike huvitaga pamoja na mayai mazima au mahali pake. Jike asiyetaga chochote kwa kawaida hakufika hata hatua ya kuhitaji mbegu. Tena kupandwa hakuthibitishi kwamba mayai yapo njiani, kwa sababu jike anaweza kumkubali dume wakati mwili wake haujaanza kutengeneza viini. Na kinyume chake kimeonekana: mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis nchini Marekani, jike wa aina hii aliyekuwa hajakaa na dume kwa zaidi ya miaka 15 alitaga mayai 7. Kisa hicho ni cha nadra na hakifai kuwa kanuni, lakini kinatosha kuonyesha kwamba uamuzi wa kutaga hauko mikononi mwa dume.

Neno tasa nalo lilinikaa vibaya moyoni, hasa nilipokumbuka kwamba katika Buganda ya kale chatu ndiye aliyeombwa uzazi: watu walikwenda kwenye hekalu la Selwanga, mungu-chatu, huko Buddu, kumwomba watoto. Jike wetu hakuwa tasa. Kosa letu lilikuwa kumfikiria kama kuku. Kuku wa mayai hula leo na chakula hicho hicho kikamsaidia kutengeneza mayai ya siku chache zijazo. Ukimnyima pumba, mayai hupungua wiki hiyo hiyo. Chatu hutaga kwa akiba aliyoiweka tangu zamani, na sehemu kubwa ya miezi ya uzazi hali kabisa.

Mfikirie mtu anayejenga nyumba kwa kipato kidogo. Hununua matofali mia mwezi huu, hamsini mwezi ujao, huyapanga uani na kuyafunika, na hamwiti fundi mpaka rundo litoshe kufika kwenye lenta, kwa sababu ukuta ulioachwa katikati huharibiwa na mvua. Rundo la chatu ni mafuta, yaliyolala kama mikanda mirefu tumboni mwake. Rundo likitosha, homoni huliamuru ini kutengeneza malighafi ya kiini, nayo husafiri katika damu hadi kwenye ovari, ambako viini huvimba polepole kwa wiki na miezi. Hesabu yake ni kubwa: mayai 6 ya gramu 80 hivi ni karibu nusu kilo, kutoka kwa mama ambaye huenda ana kilo moja na nusu tu. Baadaye huyazungushia mwili wake na kuyaatamia kwa takriban miezi miwili, na katika muda huo rundo huliwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Hata hivyo chatu ana uwezo ambao mjenzi hana, nao ndio uliotuchanganya kuliko yote. Msimu wa pili nilimpitisha jike polepole juu ya vidole vyangu na nikahisi vitu vya mviringo vikipita mmoja baada ya mwingine, kama gololi ndani ya soksi. Tulifurahi sana. Wiki chache baadaye gololi hazikuwapo, wala hakuna yai lililotagwa. Mwili ulikuwa umeyavunja yale matofali na kuyarudisha kwenye rundo: viini vilivyoanza kukua hufyonzwa tena pale akiba inapopungukiwa.

Kwamba kuna kiwango cha akiba ambacho jike hazai mpaka akifikie kulionyeshwa vizuri Ufaransa, kwa nyoka wa sumu Vipera aspis, ambaye huweza kupitisha miaka miwili, mitatu au zaidi kati ya uzazi mmoja na mwingine. Kwa chatu wa kufugwa ushahidi mwingi hutoka katika madaftari ya wafugaji, kwa hiyo ni busara kutoshikilia gramu kamili kama sheria. Wala kumjaza panya si dawa. Jike aliyenenepeshwa kupita kiasi naye huzaa vibaya.

Tulichobadilisha ni kidogo. Tuliwatenga madume wote, tukampa panya wa kiasi kwa nafasi zilezile, tukampima kila mwezi na kuandika uzito, jambo ambalo tungelifanya tangu siku aliyomaliza kuatamia, uti wa mgongo ukiwa umejitokeza na ngozi ikiwa na mikunjo ubavuni. Uzito ulipopita ule aliokuwa nao kabla ya mayai ya kwanza, tulimrudishia dume yuleyule wa mwanzo, niliyemlaumu. Jike alikataa chakula, akajivua gamba, na mwezi mmoja baadaye nilimkuta asubuhi amejiviringa juu ya mayai 5, yote meupe na yaliyoshikamana.