Je, wajua kwa nini anayejaribiwa dawa moja humezeshwa kapsuli za aina mbili?

Shangazi yangu wa Majengo, Mombasa, ana kisukari cha miaka mingi. Mchana miguu yake hufa ganzi, usiku humwaka kama aliyekanyaga makaa. Daktari alipomwongezea dawa ya pili, aliniuliza: "Mwanangu, ikiwa moja yapunguza nusu ya maumivu, mbili si zitayamaliza?" Nikamwambia ndiyo. Nilikosea kuhusu dawa zenyewe, na baadaye nikagundua kwamba hata namna zinavyopimwa sikuielewa.

Maumivu haya hutoka kwenye neva zilizoharibika, ndiyo maana parasetamoli huyagusa kidogo sana. Dawa moja ya maumivu haya, gabapentini, hupunguza ishara zinazovuka kutoka neva moja kwenda nyingine. Nyingine, nortriptilini, huitia nguvu amri ya kutuliza inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Kwa kuwa njia ni mbili, kuziunganisha kuna mantiki. Hesabu ya shangazi ndiyo haikubali, kwa sababu madhara nayo huungana: usingizi, kizunguzungu. Katika utafiti wa Kanada wa mwaka 2005, uliounganisha gabapentini na mofini, dawa kali ya maumivu, wagonjwa waliotumia gabapentini peke yake walistahimili wastani wa miligramu 2,207 kwa siku, na mofini peke yake miligramu 45.3. Zilipounganishwa waliishia 1,705 na 34.4. Kwa hiyo dawa mbili hazikuwa dozi mbili kamili. (Na mchanganyiko huu wa gabapentini na mofini si wa kujipimia nyumbani: pamoja, dawa hizi zinaweza kudhoofisha pumzi.)

Sasa kupima. Nilidhani kazi ni nyepesi: hawa wapewe moja, wale mbili, kisha waulizwe. Lakini maumivu hayana mizani ila kauli ya mwenyewe, kuanzia sifuri hadi kumi. Chukua baraza la kahawa la Mji wa Kale. Muuza kahawa ataka kujua kama tangawizi na iliki pamoja hushinda kila moja peke yake. Akimletea mmoja kikombe kimoja na mwenzake viwili, wa viwili ashajiona ametunukiwa kabla hajaonja. Basi kila mtu amiminiwe kutoka madele mawili yanayofanana. La kwanza huwa na tangawizi au kahawa tupu, la pili iliki au kahawa tupu, na anayemimina asijue zaidi ya anayekunywa. Ndivyo watafiti wafanyavyo: anayejaribiwa gabapentini pekee humeza pia kapsuli tupu yenye sura ya nortriptilini.

Tena, chungu ya huyu si chungu ya yule. Kwa hiyo mtu yuleyule huonja michanganyiko yote kwa zamu, akisukutua kinywa kati ya zamu na zamu, na mpangilio hubadilishwa baina ya wanywaji ili kikombe cha mwisho kisipendelewe. Kwa mgonjwa, zamu moja ni wiki kadhaa.

Mwaka 2009 Wakanada walipima hivyo gabapentini na nortriptilini kwa watu 56 wenye neva zilizoharibiwa na kisukari au mkanda wa jeshi. 45 walimaliza zamu zote tatu. Maumivu yalianzia 5.4. Gabapentini iliyafikisha 3.2, nortriptilini 2.9, na zote mbili 2.3. Mchanganyiko ulishinda, lakini kwa 0.6 tu juu ya ile dawa moja iliyofanya vizuri zaidi.

Hata hizo namba ni za kushika kwa uangalifu. Utafiti huo haukuwa na zamu ya kapsuli tupu peke yake. Ule wa 2005 ulikuwa na kitu kinachonivutia kuliko vyote: badala ya kidonge kitupu kabisa, walitumia kidogo lorazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, ili mgonjwa apate kausingizi asiweze kukisia. Kwa lorazepamu hiyo peke yake, maumivu yalishuka kutoka 5.72 hadi 4.49.

Kuna pia lisilofichika. Nortriptilini hukausha mdomo. Kapsuli zikifanana vipi, ulimi una habari zake, kama mnywaji anayekohoa kwa tangawizi asiyoambiwa.

Nilirudi Majengo kumweleza shangazi yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akaivuta chupa ya maji iliyo kando ya kitanda. "Hii nalala nayo tangu niongezewe ile ya pili," akasema. "Mimi wangenipa tupu, ningaliijua usiku wa kwanza."