Maji Meupe ya Kisima na Naitreti Isiyoonekana

Maji ya visima vya Manyatta na Nyalenda hapa Kisumu mara nyingi hutoka meupe, hayana harufu. Lakini choo cha shimo kiko hatua chache tu, na maji ya ardhini hayako mbali. Mkojo ukioza hutoa amonia, bakteria wa udongoni huigeuza kuwa naitreti, chumvi isiyoonekana iyeyukayo majini, nayo husafiri na maji hadi kisimani. Mvua nayo husomba samadi na mbolea mitaroni hadi ziwani, gugumaji likanenepa.

Kila mkutano huniuliza: nikichemsha je? Kuchemsha huua vijidudu. Naitreti hubaki, tena hukolea kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wa chupa, ambao damu yao hushindwa kubeba oksijeni naitreti ikizidi.

Naitreti ya mtaroni tunaweza kuipunguza kwa kichujio kabla maji hayajafika ziwani. Lakini mchanga peke yake hunasa tope tu. Anayeweza kazi hii ni bakteria wa mahali pasipo hewa: hunyang'anya naitreti oksijeni yake na kuachia gesi ya naitrojeni, ileile iliyojaa hewani. Naye anataka kula, na chakula chake ni kaboni. Florida, Marekani, huchanganya mchanga, udongo mfinyanzi na matairi yaliyosagwa kuchuja maji ya mvua. Kwetu naona vipande vya mbao ndivyo rahisi, vya ukubwa wa kidole gumba. Vumbi la msumeno huziba. Mbao za dawa ya mchwa usiziguse.

Ninapogombana na mafundi ni kwenye bomba la kutolea maji. Wao hulitoboa chini kabisa, maji yapite mbio. Basi hewa inaingia, na bakteria wetu hana kazi. Funga elbo, kile kiungo cha bomba kilichopinda, bomba lipande hadi juu ya tabaka la mbao ndipo limwage, ili mbao zizame daima na maji yakae humo saa kadhaa.

Wiki za mwanzo yatatoka na rangi ya strungi. Yaelekeze kwenye migomba.

Kichujio hiki ni cha mtaro, si cha maji ya kunywa. Kama kisima chako kimeshapimwa kikazidi kikomo, maziwa ya mtoto yakorogwe kwa maji ya bomba, au ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi yakachemshwa.