Injini mpya haizoezwi ikiwa baridi

Ujumbe mwingine huu hapa, wa mwenye kigari cha rimoti anayezoeza injini yake: "Mkuu, injini mpya nimeiacha sailensa (inanguruma tu, gari haiendi) tenki 4, mafuta nimefungua mpaka yanachuruzika kwenye ekzosi, na nimehakikisha haipati moto. Sasa nikiizungusha kwa mkono ni laini kabisa. Imekubali, sivyo?"

Ndugu yangu, umeshakula sehemu ya umri wake kabla haijaonja mbio. Na wala sikulaumu: uliambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu.

Injini nyingi za vigari vya rimoti vinavyotumia methanoli hazina ringi. Pistoni ni aluminiumu yenye silikoni nyingi, laina, yaani bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni shaba ya njano iliyopakwa kromu ndani. Laina hiyo kwa juu ni nyembamba kidogo kuliko chini, makusudi. Ndiyo maana injini mpya, hata ukitoa plagi, ukiizungusha kwa flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini) inagoma pistoni ikifika juu kabisa, wakati mwingine inalia "kwi!" Huo mbano ndio kompresheni yako, na umeulipia. Injini ikipata moto, shaba hutanuka kuliko ile pistoni, na pale juu panafunguka. Aliyeichonga alipima kila kitu akijua itafanya kazi ikiwa ya moto.

Sasa wewe iendeshe baridi. Pale juu hapajafunguka, pistoni inajikita kwenye mbano kila mzunguko, maelfu ya mara kwa dakika. Anayepokea kipigo ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki: bushi yake ya chini inalika mpaka tundu linakuwa umbo la yai. Pistoni nayo inasagika ubavuni. Huo ulaini unaoufurahia ni unga wa aluminiumu uliotoka na mafuta ya kijivu kwenye ekzosi. Toa kifuniko cha nyuma, shika konrodi, isukume juu na chini. Ikicheza, badilisha leo, maana ikikatika kwenye kasi inaondoka na pistoni na laina.

Ushauri wa "iache baridi, mafuta mengi" haukuanguka kutoka mbinguni. Injini za zamani zilikuwa na pistoni ya chuma ndani ya silinda ya chuma, na hizo kweli zilihitaji kusagana polepole. Injini zikabadilika, ushauri ukagoma kustaafu.

Kuwasha kwenyewe si kazi. Paka kichungi cha hewa mafuta yake, pasha kichwa kwa mashine ya kukaushia nywele hadi nyuzi 70 hivi za Selsiasi, vuta mafuta yafike kwenye kabureta, bandika kiwashio cha volti 1.5 kwenye plagi, zungusha. Ikigoma ghafla usiilazimishe! Huenda mafuta yamejaa juu ya pistoni, na kimiminika hakibanwi. Toa plagi, zungusha yatoke, rudisha. Anayelazimisha anapinda konrodi.

Ikishika, ndipo ule mkanganyiko unaonichosha unapoanza. Nikisema injini iwe ya moto, mtu anakimbilia kukaza sindano ya kabureta ili kupunguza mafuta. Nani kasema ukaze? Mafuta mengi yabaki, maana ndiyo yanayoleta ulainishaji. Moshi uonekane wazi nyuma ya gari. Joto litafute kwingine: funga kichwa kwa karatasi ya aluminiumu au kipande cha soksi ili upepo usikipoze, kikae kwenye nyuzi 90 hadi 105. Mafuta mengi na moto vinakaa nyumba moja bila ugomvi. Na usiiweke juu ya kiboksi ikinguruma sailensa. Iteremshe chini, iendeshe taratibu, bonyeza mwendo kidogo kwenye rimoti, achia, bonyeza tena.

Tenki likikaribia kwisha, zima, kisha zungusha flaiwili upeleke pistoni chini kabisa. Weka alama kwa kalamu ya wino ili usikisie. Ukiiacha juu, laina inapoa na kuing'ang'ania pistoni. Iache ipoe kabisa ndipo urudie.

Tenki ngapi? Vitabu vinataja idadi kwa kujiamini kweli, lakini laina mbili za kiwanda kimoja hazibani sawa. Mimi naacha pale injini inapokubali kukaa sailensa bila kubembelezwa. Hata hizo nyuzi nilizotaja zichukue kwa tahadhari: kipimajoto cha miale ukikigeuza kidogo tu kinasoma kingine, na nimeona injini nzima zikifanya kazi kwa raha katika joto tofauti kabisa. Moshi na mlio nauamini zaidi. Hiyo habari ya kupasha na kupoza tenki kwa tenki, ambayo husemwa ni ili "chuma kitulie", nayo naifuata, ila kwa shingo upande. Nahisi faida kubwa ni kwamba inamlazimisha mwenye gari kuwa mpole.

Siku ikiisha, choma mafuta yote yaliyobaki kwenye tenki na kwenye injini. Methanoli inanyonya unyevu, na beringi za nyuma ndizo za kwanza kuota kutu.